Obama kabla ya Washington: kiti cha Wilaya ya 13 alikipataje?

Rekodi ya Barack Obama katika Seneti ya jimbo la Illinois, alikowakilisha Wilaya ya 13 (eneo la uchaguzi la kusini mwa Chicago), ukiisoma kwa tarakimu peke yake, ni ya mtu asiyegusika. Mwaka 1996 alipata asilimia 82 ya kura. Mwaka 1998 akapanda hadi 89. Mwaka 2002 hakukuwa na mtu wa kushindana naye. Tatizo ni kwamba kura hizo zote zilipigwa Novemba, na kusini mwa Chicago uchaguzi wa Novemba ni kukamilisha ratiba tu: aliyebeba bendera ya Democratic ndiye mshindi. Kazi yenyewe iko Machi, kwenye kura za maoni za chama. Machi 1996 Obama alikuwa peke yake kwenye karatasi ya kura. Wenzake wanne walikuwa wameshaenguliwa, na aliyewawekea pingamizi ni yeye.

Mtanzania akisikia pingamizi na kuenguliwa anakumbuka mbali. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2019 uliipa CCM zaidi ya asilimia 99 ya nafasi, baada ya vyama vikubwa vya upinzani kujitoa vikilalamika kwamba wagombea wao wamekatwa majina. Mwaka uliofuata baadhi ya wabunge, akiwemo Waziri Mkuu wa wakati huo Kassim Majaliwa kule Ruangwa, walipita bila kupingwa. Kwa hiyo wapo watakaosoma habari hii ya Chicago na kusema upesi: kumbe hata Obama! Na wapo mashabiki wake watakaojibu upesi vilevile kwamba sheria ni sheria. Nadhani wote wawili wanakimbia.

Yenyewe ilianza na kashfa ya mtu mwingine. Agosti 1995 Mel Reynolds, mbunge wa Chicago katika Bunge la Marekani, alitiwa hatiani kwa makosa ya kingono dhidi ya binti mdogo, akajiuzulu. Alice Palmer, seneta wa jimbo aliyeheshimika sana Hyde Park, kusini mwa Chicago, na mitaa ya jirani, akaamua kukiwania kiti hicho cha Washington, na kiti chake cha Springfield, makao makuu ya jimbo, akamwachia kijana aliyempenda: wakili wa miaka 34, mhadhiri wa sheria, aliyewahi kufanya kazi ya kuwaunganisha wakazi maskini wa kusini mwa mji. Septemba 1995 Palmer mwenyewe alisimama katika hoteli moja ya Hyde Park na kumtambulisha Obama kwa wapiga kura.

Novemba mambo yakaharibika. Katika kura za maoni za kiti cha Washington Palmer alishika nafasi ya tatu, nyuma ya Jesse Jackson Jr. aliyeshinda na Emil Jones aliyemfuata. Akataka kurudi kwenye kiti chake cha zamani. Wazee wa siasa wa eneo lile walimwita Obama na kumwomba ampishe mama, kwani yeye bado kijana na zamu yake itafika. Obama akakataa. Hoja yake ilikuwa kwamba Palmer alishaahidi hatarudi, na kwamba watu wameshachanga fedha na kujitolea muda wao kwa ahadi hiyo.

Palmer akakusanya wadhamini mbio mbio, na siku ya mwisho ya kurudisha fomu, Desemba 1995, akawasilisha saini 1,580. Zilizohitajika ni 757. Mtu angesema ana akiba ya kutosha, mara mbili ya kiwango. Lakini mwanzoni mwa Januari 1996 watu wa Obama waliingia katika ofisi za bodi ya uchaguzi ya Chicago, wakakaa na karatasi za wadhamini upande huu na daftari la wapiga kura upande ule, na kupitia jina moja baada ya jingine. Huyu hayumo kwenye daftari. Huyu anaishi mtaa wa pili, nje ya wilaya. Huyu amehama, anwani hailingani. Huyu ameandika jina lake kwa herufi za chapa badala ya kutia saini kama ile ya kwenye kadi yake. Na bodi ilikuwa imetoka kusafisha daftari, kwa hiyo baadhi ya watu waliosaini kwa nia njema kabisa hawakujua kuwa majina yao yameshafutwa. Saini za Palmer zilishuka chini ya kiwango kwa takriban mia mbili, naye akajiondoa. Wagombea wengine watatu wakakatwa kwa njia hiyohiyo, wawili kati yao kwa upungufu wa saini zisizofika mia.

Hoja za kumtetea Obama zina uzito, na zisipuuzwe. Sharti la wadhamini lipo ili mgombea aonyeshe ana watu nyuma yake. Ukiruhusu saini za ovyo, sharti halina maana. Pingamizi ni haki ya kila mgombea, na Chicago nzima ilikuwa ikifanya hivyo tangu enzi za meya Daley wa kwanza. Aliyekusanya saini zake mapema na kwa uangalifu kwa nini aadhibiwe kwa uzembe wa mwenzake? Halafu kuna suala la ahadi: Palmer ndiye aliyegeuka, si Obama. Kumtaka kijana ajitoe kwa sababu tu mkubwa amekosa alichokuwa akikitafuta ni utamaduni wa vyama tunaoujua vizuri, na sidhani kama una uhusiano wowote na demokrasia.

Upande wa pili nao una la kusema, na kwangu ndio unaouma zaidi. Mwaka 1992 Obama aliongoza kampeni ya kuandikisha wapiga kura Illinois, Project Vote, iliyoingiza kwenye daftari watu wapya wanaokadiriwa kufika 150,000, wengi wao Weusi wa Chicago. Jina lake lilijengwa na kazi hiyo. Miaka minne baadaye daftari hilohilo lilikuwa silaha ya kuwaondoa watu kwenye karatasi ya kura, na wapiga kura aliowaita waje walifika Machi wakakuta jina moja. Zaidi ya 16,000 walimpigia, asilimia mia moja ya kura halali. Je, wangemchagua mbele ya Palmer? Huenda. Huenda pia wasingemchagua, kwani Palmer alikuwa anajulikana nyumba kwa nyumba na Obama alikuwa mgeni. Hawakuulizwa, basi. Alipokuja kuhojiwa na gazeti la Chicago Tribune mwaka 2007, Obama mwenyewe alikiri kuwa kuna hoja ya haki dhidi ya vikwazo vya kuingia kwenye karatasi ya kura, ingawa alishikilia kwamba alifuata kanuni zilizokuwepo.

Hapo ndipo mlinganisho na kwetu unapokwama, ingawa haufi. Bodi ya Chicago haikuwa mali ya Obama; alikuwa mtu asiye na cheo, na aliyekuwa madarakani ni Palmer. Kila saini iliyopingwa ilijadiliwa mezani, upande wa pili ukiwa na nafasi ya kuitetea kwa kiapo cha aliyesaini, na mahakama ilikuwa wazi. Sasa mfikirie msimamizi wa uchaguzi ambaye ni mtumishi wa serikali ileile inayogombea, ofisi iliyofungwa siku ya kurudisha fomu, na mgombea anayekatwa kwa sababu ameandika kifupi cha jina la chama. Hiyo ni habari nyingine. Lakini tusijipe moyo kwamba mwamuzi akiwa safi basi matokeo nayo ni safi. Mpiga kura wa Wilaya ya 13 aliyekuta jina moja hakupata faida yoyote kutokana na usafi wa mwamuzi.

Mara moja tu katika miaka ile ndipo Obama alipokutana na mwanasiasa mzito aliyekuwemo kwenye karatasi, na mwanasiasa huyo akamchapa. Machi 2000 aligombea dhidi ya Bobby Rush, mbunge wa Marekani, aliyewahi kuwa kiongozi wa Black Panther, chama cha wanaharakati Weusi, na ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa ameshindwa vibaya kwenye umeya. Obama alidhani Rush amechoka. Kumbe kushindwa umeya hakukumaanisha watu wa mtaani wamemchoka mtu wao. Kisha yakaja mambo mawili. Mtoto wa Rush aliuawa kwa risasi Oktoba 1999, na huruma ya mji mzima ikamwendea baba. Mwishoni mwa Desemba, Seneti ilipoitwa kupiga kura juu ya sheria ya silaha, Obama alikuwa Hawaii kwa mapumziko ya familia. Binti yake Malia aliugua, hakurudi, muswada ukaanguka kwa kura chache na magazeti yakamsulubu. Rush alipata asilimia 61, Obama 30. Waliomwona msomi wa Harvard aliyejaa maneno, asiye Mweusi wa kutosha kwa eneo lile, walijiona wamethibitisha.

Mimi naona kipigo kile ndicho kipimo cha haki zaidi katika rekodi yake yote ya Chicago, na kilimfaa kuliko ushindi wa asilimia 89. Alijifunza kwamba wapiga kura wake wa asili hawakuwa wale aliowadhania. Mwaka 2001 vyama vilishindwa kuelewana juu ya mipaka mipya ya wilaya. Suala likaamuliwa kwa kuchomoa jina kutoka kwenye kofia, na bahati ikawaangukia Democratic. Obama alikaa na mtaalamu wa chama mbele ya kompyuta na kusaidia kuichora wilaya yake upya: badala ya kunyooka kuelekea mitaa maskini ya magharibi, ikapanda kaskazini kando ya ziwa hadi katikati ya mji, kwa matajiri, wachapishaji na wachangiaji. Ilibaki na Weusi wengi, lakini ilimwekea mlangoni watu wenye fedha za kampeni kubwa. Marekani jambo hilo ni halali na hufanywa na vyama vyote viwili. Uhalali huo haunizuii kuona kwamba hapa pia ni mgombea aliyechagua wapiga kura.

Je, ndani ya bunge alifanya nini? Miaka sita ya kwanza, kidogo, na si kosa lake lote: Republican walikuwa na wingi na miswada ya wachache ilifia kwenye kamati. Bado mwaka 1998 alishiriki kupitisha sheria ya maadili iliyobana zawadi kwa wanasiasa, jambo ambalo Springfield, mji wenye historia yake ya bahasha, haikulipokea kwa vifijo. Mwaka 2003 Democratic walichukua wingi, na Emil Jones, yuleyule aliyeshindwa na Jackson mwaka 1995, akawa rais wa Seneti. Jones akamfungulia Obama mlango. Miswada ikamiminika, na baadhi yake ilikuwa imehangaikiwa na wengine kwa miaka. Walionung'unika kwamba wao wamelima na yeye amevuna walikuwa na hoja. Lakini sheria ya kuwataka polisi warekodi mahojiano ya watuhumiwa wa mauaji ilikuwa kazi yake hasa. Illinois ilikuwa imegundua watu 13 waliohukumiwa kifo kimakosa. Polisi na waendesha mashtaka hawakuitaka sheria hiyo. Obama alizunguka kuzungumza na kila upande hadi Seneti ikaipitisha bila kura hata moja ya kupinga. Ukimtaka Obama mtunga sheria katika ubora wake, mtafute hapo.

Wapinzani wake wa baadaye walipenda zaidi kutaja kura 129 alizobonyeza "nipo", si ndiyo wala hapana, kati ya takriban 4,000. Hoja hii inatiwa chumvi. Katika Seneti ile ya watu 59 muswada unahitaji kura 30 za ndiyo, kwa hiyo "nipo" inauumiza sawasawa na hapana, na baadhi ya kura hizo, hasa za utoaji mimba, zilipangwa pamoja na watetezi wa haki hiyo. Zingine zilikuwa kujikinga tu.

Cha ajabu ni kwamba kupita bila kupingwa kulizaa pia jambo bora kabisa alilolifanya akiwa na cheo kile. Tarehe 2 Oktoba 2002, mwezi mmoja kabla ya uchaguzi, alipanda jukwaani Chicago kupinga vita vya Iraq wakati wakubwa wa chama chake wakijiandaa kuviunga mkono. Hakuwa na mpinzani wa kumwogopa Novemba. Alikuwa ameanza kuiwazia Seneti ya Marekani, kwa hiyo hatari ilikuwepo. Ila kiti chake kilikuwa salama, na usalama huo ulimpa mdomo.

Machi 2004 alishinda kura za maoni za Seneti ya Marekani kwa asilimia 53 kati ya wagombea saba, akiwemo Dan Hynes aliyekuwa na mtandao wa chama. Huo ndio ushindi wake wa kwanza wa kweli dhidi ya watu wenye nguvu, hata kama Blair Hull, milionea aliyemwaga karibu dola milioni 29, aliangushwa na nyaraka zake za talaka. Mgombea wa Republican, Jack Ryan, naye akajitoa kwa nyaraka za talaka, na nafasi yake akapewa Alan Keyes kutoka Maryland. Obama alipata asilimia 70.

Alijiuzulu Seneti ya Illinois Novemba hiyo. Kiti kikamwendea Kwame Raoul, mtoto wa wahamiaji wa Haiti, ambaye leo ni mwanasheria mkuu wa jimbo. Raoul hakuingia kwa kura, aliteuliwa na chama. Palmer naye mwaka 1991 alianza kwa kuteuliwa, baada ya mtangulizi wake kuugua na kustaafu. Kwa hiyo katika watu watatu waliofuatana kwenye kiti hicho, hakuna hata mmoja aliyekikalia mara ya kwanza baada ya wapiga kura wa Democratic kupewa majina mawili wachague.