Kodi ya miezi sita ilinifuata mpaka Uingereza

Naondoka Dar nilijua nimeachana na kulipa kodi kwa mkupuo. Pale Sinza, chumba na sebule nilikilipia mwaka mzima, na mwezi mmoja juu yake wa dalali. Mwenye nyumba hakuficha: hela yangu ndiyo iliyoezeka vyumba vya uani. Mpangaji ndiye benki yake, tena isiyotoza riba.

Nafika mji wa Reading, Uingereza, wakala wa nyumba ananiuliza mdhamini wangu nani. Awe anaishi hukuhuku, mwenye mshahara wa maana. Sina. "Basi lipa miezi sita." Nilicheka peke yangu barabarani. Sinza ileile, tofauti baridi tu.

Tangu 1 Mei 2026, kudai miezi sita hivyo ni marufuku kisheria hapa England. Kwa mkataba mpya, mwenye nyumba hadai zaidi ya kodi ya mwezi mmoja kabla hujaingia. Sheria hiyohiyo imekifuta Kifungu cha 21, kilichotokana na sheria ya 1988, ambacho kiliwezesha mtu kutolewa kwa notisi ya miezi miwili bila kuambiwa kosa lake. Sasa anayetaka kuuza nyumba anatoa notisi ya miezi minne, na si ndani ya mwaka wako wa kwanza. Kodi inapanda mara moja tu kwa mwaka.

Wenzangu wanashangilia. Mimi pia, ila hilo la malipo ya mbele linanikaa kooni. Ile miezi sita iliniumiza, lakini ndiyo iliyonipatia ufunguo. Mgeni wa leo mwenye akiba asiye na mdhamini ataweka nini mezani? Mdhamini bado anaruhusiwa kudaiwa. Wakala hatamkatalia waziwazi; atamwambia nyumba imeshapata mtu.

Nanyi wa nyumbani mnaodai kodi iwe ya mwezi kwa mwezi, niko nanyi, ila taratibu. Sheria yetu ya kudhibiti kodi ya 1984 ilifutwa 2005. Kilichonilinda Sinza ni hela yenyewe: mwenye nyumba alishaila, angenitoaje kabla mwaka haujaisha? Mkimwondolea mpangaji kinga hiyo bila kumpa nyingine, atafungashiwa virago mwezi wowote, akipatikana mwenye dau kubwa. Mimi ningeanza na notisi ya maandishi ya miezi mitatu, na pa kulalamikia pasipohitaji wakili. Kodi ya mwezi ije nyuma yake.