Meza za kukunja zitamaliza ugomvi wa machinga na barabara?

Oktoba 2021 vibanda vya machinga vilivunjwa katikati ya Dar es Salaam, Kariakoo ikiwemo, na mtu akaweza tena kutembea kando ya barabara bila kupindapinda. Chini ya miaka mitatu nyuma, Desemba 2018, Rais Magufuli alikuwa amezindua vitambulisho vya wafanyabiashara wadogo vya shilingi 20,000, na wengi waliovilipia walivishika kama ruhusa ya kupanga bidhaa popote. Ruhusa ilitoka juu, amri ya kuondoka nayo ikatoka juu, na barabara ikabaki na upana uleule.

Ndiyo maana wazo la usanifu wa kuhamishika linanivuta: meza za kukunja, vivuli vya turubai, mikokoteni yenye vipimo vilivyokubaliwa, na eneo moja kutumiwa na watu tofauti kwa saa tofauti. Anayetaka kuona jambo hili likifanya kazi aende Forodhani, Zanzibar. Mchana ni bustani ya kupunga upepo. Jua likikaribia kuzama, meza zinaanza kuingia, majiko yanawashwa, miwa inakamuliwa, na harufu ya mishkaki inafika mpaka ukutani kwa Ngome Kongwe. Usiku ukikomaa vinafungashwa, na asubuhi bustani ni ya wote tena. Ilipokarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, wapishi wa jioni hawakufukuzwa. Walipangiwa sehemu yao.

Linganisha na Machinga Complex pale Ilala. Zege limesimama, ghorofa zipo, lakini kwa miaka mingi vizimba vingi vilikaa vitupu. Mteja wa machinga hapandi ngazi kufuata soksi. Anaziona akikimbilia daladala, anauliza bei, ananunua.

Wenye maduka wana hoja nzito, na sipendi inavyopuuzwa. Mtu analipa kodi ya fremu, leseni na kodi ya mapato, kisha mlango wake unazibwa na bidhaa zilezile anazouza yeye. (Ni kweli pia kwamba wapo wenye maduka wanaowapa machinga mzigo wawauzie nje.) Kuna gari la zimamoto linalohitaji kupita. Kuna anayetembelea kiti cha magurudumu, ambaye meza moja iliyosogezwa nusu mita inamlazimisha kushuka barabarani kati ya bodaboda. Na sote tumeona cha muda kinavyoota mizizi: leo turubai, mwezi ujao mbao, mwakani bati na kufuli.

Hofu yangu kubwa hata hivyo iko kwingine. Tayari mjini upo usanifu wa kuhamishika kuliko wowote utakaochorwa ofisini: kipande cha turubai kilichotandikwa chini, kamba nne zimefungwa pembeni. Mgambo wakitokea, mwenye mali anavuta kamba, nguo zote zinakuwa furushi begani, naye ameshapotelea uchochoroni. Ustadi huo umezaliwa na woga. Tukimpa meza nzuri ya kukunja bila haki ya mahali pa kuikunjulia, tutakuwa tumemrahisishia kazi anayemfukuza.

Kwa hiyo nauunga mkono usanifu huu kwa sharti moja: meza zihame, nafasi isihame. Mchoro wa eneo ubandikwe hadharani ukiwa na namba ya kila nafasi, saa zake na njia isiyoguswa ya waenda kwa miguu, na kuubadilisha kuhitaji kikao chenye machinga, wenye maduka na wakazi. Halmashauri itumie zege lake kwa vitu visivyohama: choo, bomba la maji, taa, na stoo ya kulaza meza usiku. Ningeanza na stoo. Aliyeacha meza yake mahali salama usiku hana sababu ya kuipigia bati na kufuli juu ya njia ya watu.