Akina baba na bei ya kutibiwa akili

Mjadala wa afya ya akili ya wanaume unapozuka Kenya, jibu huwa limeshaandaliwa: wanaume hawasemi. Wafunguke, waache ukaidi, msaada upo. Maneno haya yanamwonea baba wa kipato kidogo. Msaada upo kweli, ila umewekwa mahali, saa na bei zisizomfaa, naye asipofika tunasema ni kiburi.

Tuanze na pesa. Saa moja na mshauri nasaha wa kibinafsi jijini Nairobi mara nyingi haipungui shilingi 2,000. Fundi wa mjengo anayelipwa kwa siku hawezi kuzitoa kila wiki kwa miezi miwili mitatu. Bima ya afya ya umma ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, imeweka afya ya akili katika huduma zake. Hata hivyo aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara mwezi kwa mwezi bila kusumbuka, ilhali mwenye kibarua hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima mapema, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 3,600. Zahanati na vituo vya afya vya umma havitozi ada, lakini ni vichache vyenye mtu aliyefunzwa ushauri nasaha, na foleni yake ni ya asubuhi, siku ya kazi. Mwendesha bodaboda asiyemiliki pikipiki lazima ampe mwenye pikipiki pesa yake jioni, awe amekaa kwenye foleni au hakukaa. Nauli na siku iliyopotea ni bei pia.

Ninachotaka ni baba naye aulizwe hali yake kwenye kliniki ya mama na mtoto. Wanaopinga wana hoja nzito. Wauguzi hawatoshi, wanawake bado wanafariki wakijifungua, na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, huwapata wanawake wengi kuliko wanaume. Muuguzi mwenye akina mama 60 kwenye benchi akiongezewa waume zao, nani atapunguziwa muda? Tena kuna mama ambaye kliniki ndiyo mahali pekee anapoweza kusema kwamba anapigwa. Mume akiingizwa chumbani kwa jina la kumshirikisha, mlango huo unafungwa. Hoja hii ya mwisho siipingi hata kidogo. Baba aulizwe peke yake, na mama abaki na muda wake.

Nisichokubali ni kwamba shida ya baba ni ya pembeni. Mwaka 2010 jarida la tiba la JAMA lilichapisha uchambuzi wa James Paulson na Sharnail Bazemore uliojumlisha tafiti 43 zenye washiriki zaidi ya 28,000. Tangu mimba hadi mtoto kutimiza mwaka, takriban asilimia 10 ya akina baba walikuwa na sonona. Kilichonikaa kichwani ni mgawanyo wa miezi: kati ya mwezi wa 3 na wa 6 baada ya kujifungua, kiwango kilifika asilimia 25.6. Tafiti za kipindi hicho zilikuwa chache na nyingi zilitoka nchi tajiri, kwa hiyo siwezi kusema robo ya akina baba wa Kisumu au Kayole wako hivyo. Hata ukiikata nusu, bado ni baba mmoja kati ya wanane hivi. Uchambuzi huohuo ulionyesha kuwa sonona ya baba na ya mama huenda pamoja, kwa hiyo kumtibu mmoja si kumnyang'anya mwenzake.

Sasa linganisha miezi hiyo na ratiba ya chanjo. Mtoto hupelekwa akiwa na wiki 6, 10 na 14, kisha mwezi wa 6. Baba wengi huwaleta mama na mtoto kwa pikipiki, wanabaki nje langoni, simu mkononi, wakisubiri. Ndani, kijitabu cha mama na mtoto kinajazwa uzito na chanjo. Hakuna anayetoka kumuuliza aliye nje kama analala usiku. Fomu ya maswali 10 ya Edinburgh ya kupima sonona, iliyotungwa mwaka 1987 kwa ajili ya mama aliyejifungua, imekwisha kutumiwa kwa akina baba pia. Swali lake la kwanza ni kama katika siku 7 zilizopita umeweza kucheka. Halihitaji daktari bingwa kuliuliza.

Akishaulizwa aende wapi? Hapa ndipo wengi hukata tamaa, nami naona wanakata mapema. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya jaribio la kutibu sonona kwa vikundi vya mazungumzo katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, Uganda: 15 vya wanaume, 15 vya wanawake. Vikundi vilikutana kila wiki kwa wiki 16, bila dawa, vikiongozwa na wenyeji waliofunzwa kwa wiki mbili. Waliokuwa na sonona kali katika vikundi walishuka kutoka asilimia 86 hadi 6.5, wasiopewa vikundi walitoka 94 hadi 54.7. Wanaume wa vijijini, kusini mwa Uganda, walikaa wakazungumza. Baadaye mbinu hii ilipopanuliwa, shirika la StrongMinds liliipeleka hasa kwa wanawake. Sababu zake zinaeleweka, lakini wanaume waliachwa nyuma ya ushahidi ambao wao wenyewe walisaidia kuujenga.

Tukumbuke pia kwamba hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipobatilisha kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kujaribu kujiua Kenya kulikuwa kosa la kufungwa hadi miaka miwili. Duniani wanaume hufa kwa kujiua zaidi ya maradufu ya wanawake. Kumlaumu baba kwa kunyamaza wakati kusema kwamba alijaribu kujiua kungeweza kumfikisha kituo cha polisi si haki.

Kwa sasa laini ya ushauri nasaha 1199 ya Msalaba Mwekundu haitozi mpigaji, na iwekwe ukutani katika kila steji ya bodaboda. Ila simu haichukui nafasi ya wiki 16 za kikundi. Ningependa kaunti moja ianze: muuguzi amwite baba peke yake katika chanjo ya wiki ya 14, na vikundi vikutane Jumapili alasiri kwenye sacco za bodaboda, ambako wanaume hawa tayari hukutana kuchanga. Kisha ihesabu ni wangapi waliorudi mara ya pili, na iwaulize wake zao, kando, kama nyumbani kumebadilika.