Pomboo Hatakufanyia Takwimu

Kila msimu wa usajili wa vyuo tangazo ni lile lile: kijana kavaa miwani ya kuzamia, kamkumbatia pomboo, meno nje wote wawili. Njoo usome baiolojia ya bahari! Wangekuwa wakweli wangemweka mtu aliyeinama mwambani, tope hadi magotini, anahesabu konokono.

Na kwenye kuhesabu ndiko wengi wanakoharibu. Fremu ya mraba ya sentimita 50, ile unayoilaza mwambani uhesabu vilivyomo ndani yake, nyuzi kila baada ya sentimita 10, inakupa vyumba 25, kila kimoja asilimia 4 ya eneo. Rahisi, au siyo? Basi mwanafunzi anafumba macho, anairusha fremu nyuma ya bega, eti hiyo ndiyo sampuli nasibu, isiyochaguliwa na mtu! Mkono una mazoea yake: hurusha karibu, hurusha penye nafasi, na siku moja utamtoboa mwenzako jicho. Tandaza utepe wa mita 30, toa jozi za namba nasibu ukiwa bado chumbani, moja ya umbali kuufuata utepe na moja ya umbali kutoka kwenye utepe, kisha weka kona ya fremu pale pale namba zinapokutuma. Ikiangukia mwamba mtupu, andika sifuri. Sifuri ni data, jamani! Ukiisogeza kidogo "ili upate kitu", wastani unapanda na ufukwe wako unajaa konokono wasiokuwepo. Mwani nao usiuangalie juu juu. Ufunue, uhesabu na waliojificha chini. Jumla ya eneo lililofunikwa ikipita asilimia 100 usishtuke wala usiifute, ni tabaka mbili hizo.

Halafu fremu kumi ndani ya dimbwi moja si sampuli kumi. Dimbwi lina joto lake na chumvi yake. Ulichofanya ni kulipima hilo hilo mara kumi. Mwanaikolojia Stuart Hurlbert alilikemea kosa hili mwaka 1984, na tasnifu bado zinakuja nalo.

Haya, kuzamia nako kuna kazi yake, matumbawe hayapimwi ukiwa ofisini. Ila kuzamia kwa msingi hufundishwa kwa siku chache. Takwimu je?

Kemia usiikimbie: formalini, dawa ya kuhifadhia sampuli, isipotiwa boraksi ya kuzuia tindikali, huwa tindikali na kuyala makombe ya sampuli zako humo humo chupani.

Fuata bamvua, maji yanapokupwa mbali zaidi, siku moja mbili baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu, na uwe mwambani saa moja na nusu kabla maji hayajafika chini kabisa. Yakifika, anza na fremu za ukingoni mwa maji. Hizo ndizo zitakazofunikwa mwanzo. Za juu zitakungoja.