Kukana mashtaka ya ulevi barabarani si kukwepa sheria

Dereva anayeshtakiwa kwa kuendesha gari akiwa mlevi hana wa kumwonea huruma, na sababu zinaeleweka. Kenya huzika zaidi ya watu 4,000 kila mwaka kutokana na ajali za barabarani, na kundi kubwa kati yao ni watembea kwa miguu, watu ambao hawakuwa hata na gari. Aliyempoteza mtoto kando ya barabara hataki kusikia habari za kifaa cha kupima kileo kwenye pumzi ambacho pengine hakikukaguliwa au fomu iliyokosa sahihi. Kwake, wakili anayesimama kortini kuuliza maswali hayo anamsaidia muuaji wa kesho kurudi kwenye usukani. Hoja hiyo ina uzito na haifai kupuuzwa.

Hata hivyo, nimeona imetupeleka mahali pabaya. Imetufanya tuamini kwamba mtu mwungwana akipuliza na namba ikapanda, anachotakiwa kufanya ni kukubali kosa, kulipa na kwenda nyumbani. Anayekana anaonekana mjanja mwenye pesa za wakili. Ushauri huo wa kukubali hutolewa hata na ndugu na marafiki wenye nia njema, nao huwagharimu watu wengi kuliko wanavyojua.

Tuanze na sheria yenyewe. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki hakimwadhibu mtu kwa kunywa. Kinamwadhibu anayeendesha akiwa amelewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari ipasavyo, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Kisha zikaja kanuni za mwaka 2011 za kupima pumzi, zikaweka kiwango cha mikrogramu 35 za kileo katika mililita 100 za pumzi. Mwishoni mwa 2013 vifaa vikaingia barabarani, na wananchi wakaviita Alcoblow.

Namba hiyo ya 35 ndiyo inayotumika Uingereza pia, lakini kule ilikuja na sheria yake. Tangu Bunge lao lilipopitisha Sheria ya Usalama Barabarani ya 1967, kuna makosa mawili tofauti: kuendesha ukiwa hujiwezi, na kuendesha ukiwa umepita kiwango, hata kama unatembea wima kama askari wa gwaride. Tena kipimo cha barabarani kule ni cha kumkamatia mtu tu. Kinachopelekwa kortini kwa kawaida ni kipimo cha kituoni, mara mbili, na namba ndogo kati ya hizo mbili ndiyo inayohesabiwa. Kwetu tulichukua namba tukaipachika kwenye sheria iliyokuwa ikiuliza swali jingine kabisa. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ikaona mgongano huo: Sheria inataka ithibitishwe kwamba dereva hakuweza kulimudu gari, ilhali kanuni zilitaka namba peke yake itoshe. Kanuni haiwezi kuipiku sheria iliyoizaa.

Walioukasirikia uamuzi huo walisema majaji wamewafungulia walevi mlango. Mimi nauona kama mwongozo kwa polisi: mkitaka mtu ahukumiwe kwa kifungu cha 44, andikeni mlichokiona. Aliyumba? Gari lilivuka mstari? Alijibu maswali vipi? Askari aliyesimama naye usiku ana macho, na macho yake ni ushahidi ambao karatasi ndogo inayotoka kwenye kifaa haiwezi kuutoa.

Sasa tazama kinachompata mtu wa kawaida. Misako hufanywa zaidi Ijumaa na Jumamosi usiku. Ibara ya 49 ya Katiba inataka aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiishia siku isiyo ya mahakama, anaweza kusubiri hadi siku inayofuata ya kazi. Asipopata dhamana ya polisi, aliyekamatwa Ijumaa usiku anaamkia Jumatatu kwenye seli ya mahakama, bila mkanda, viatu havina kamba, simu imezimika, bosi hajui alipo. Anasomewa shtaka pamoja na wengine kadhaa. Karani anauliza: ni kweli au si kweli? Aliye mbele yake amesema kweli akapigwa faini, na jamaa zake tayari wanachangisha kwa M-Pesa. Naye anasema kweli.

Hajaona hati yoyote zaidi ya shtaka, wala hajui namba yake ilipimwa saa ngapi na kifaa kilikaguliwa lini. Lakini anajua kwamba akisema si kweli huenda dhamana ikawa kubwa kuliko faini, na arudi rumande hadi ipatikane. Mtu wa hali hiyo hajakiri kosa kwa maana tunayoijua sote. Amenunua njia ya kwenda nyumbani.

Na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana watu wengi hawayajui yanayofuata. Faini ni sehemu ndogo ya adhabu. Anayetiwa hatiani chini ya kifungu cha 44 hukabiliwa pia na kunyimwa leseni kwa miezi 12. Kwa mfanyakazi wa benki hiyo ni kero ya kuita teksi. Kwa dereva wa matatu, wa lori la Mombasa hadi Malaba, au wa gari la kubeba watoto wa shule, hiyo ni mwaka mzima bila kazi, na huenda akirudi akute usukani una mtu mwingine. Anayetafuta kazi ya udereva Ghuba ataombwa cheti cha polisi cha mwenendo mwema, naye ana rekodi. Haya hayasemwi Jumatatu asubuhi. Yanagunduliwa baadaye, na akikimbilia rufaa anakuta kifungu cha 348 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kikisema kwamba aliyekiri kosa katika mahakama ya chini hakati rufaa, isipokuwa kuhusu uhalali au ukubwa wa adhabu. Jibu la sekunde tatu limefunga karibu kila mlango.

Mahakama zenyewe zinaijua hatari hii. Katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, ya mwaka 1973, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliagiza kwamba mshtakiwa asomewe shtaka kwa lugha anayoielewa, maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema, kisha asomewe maelezo ya tukio na apewe nafasi ya kuyapinga. Akisema jambo linaloonyesha kwamba hakubali, ukiri unafutwa na kesi inasikilizwa. Kwa hiyo anayejibu "nilikunywa bia mbili lakini nilikuwa sawa" hajakiri kosa la kifungu cha 44, na hakimu makini atamwandikia kwamba amekana.

Je, kujiandaa kunamaanisha nini? Si kutunga uongo. Ibara ya 50 inampa mshtakiwa muda na nyenzo za kutosha kuandaa utetezi, na haki ya kuuona mapema ushahidi atakaoletewa. Aombe maelezo ya mashahidi, nakala ya matokeo, na kumbukumbu za ukaguzi wa kifaa. Aangalie saa. Kileo kilichobaki mdomoni, hata cha dawa ya kusukutulia, kinaweza kupandisha namba, na ndiyo maana upimaji makini husubiri dakika 15 hivi kabla ya kupuliza. Aandike mwenyewe usiku ule ulivyokwenda kabla kumbukumbu haijachakaa, na awatafute aliokuwa nao garini. Kama ana jeraha la mguu linalomfanya achechemee, au dawa anayotumia, apate barua ya daktari. Na wakili akishauona ushahidi akamwambia ni mzito, hapo kukiri kuna maana, maana anakiri anachokijua, na anajitetea kuhusu adhabu akiwa na barua ya mwajiri mkononi.

Upande wa pili utasema: mlevi halisi naye atatumia njia hizo hizo. Ndiyo, na baadhi watapona. Sitaficha kwamba hilo linaniuma, hasa kesi inapoahirishwa mara nne hadi shahidi akahamishiwa Turkana. Lakini mwenye pesa tayari anazitumia njia hizo, simu kwa wakili inapigwa usiku ule ule. Anayekosa ni dereva wa matatu. Tena kuna mlango mwingine ambao sote tunaujua, ule wa noti zinazobadilishana mikono kabla gari la polisi halijaondoka barabarani. Kadiri mtu anavyoamini kwamba kortini hakuna kujitetea, ndivyo anavyoona heri amalizane pale pale. Anayetoka kwa hongo hakupimwa na yeyote, anawasha gari na kuendelea kuendesha.

Kama taifa linaona namba peke yake inatosha, na kuna hoja nzuri za kuamini hivyo, basi Bunge liiandike wazi ndani ya Sheria ya Trafiki kama kosa linalojitegemea, liweke kipimo cha pili kituoni, na liagize kwamba matokeo na kumbukumbu za kifaa apewe mshtakiwa kabla ya kuulizwa kama ni kweli. Sheria ya namna hiyo itapunguza nafasi ya kukana, nami nitaiunga mkono. Kabla ya hapo, dereva anayesimama kizimbani na kusema "mheshimiwa, naomba muda, sijauona ushahidi" anatumia haki aliyopewa na Katiba, na aliye karibu naye asimvute shati akubali upesi waende.