Mbele ya nyumba sio pakingi tu jamani

Kuna huu mtindo umeshika sana Dar sa hivi, mtu akimaliza kujenga tu, iwe Tabata, Kimara au Mbezi, kinachofuata ni ukuta mrefu, geti la chuma, halafu pevingi kuanzia getini mpaka mlangoni, hata pa kuchomeka mchaichai hamna. Mi naupinga kabisa, maana watu wanalipa hela nyingi kujinunulia joto.

Pevingi zinashika jua mchana kutwa, jioni zinakurudishia sebuleni. Na ukuta usio na hata tundu unazuia upepo, wakati mji huu upepo ndo feni ya bure, kusi inavuma miezi ya katikati ya mwaka, kaskazi inakuja Desemba, ukiziba zote unabaki unategemea umeme. Masika ikianza maji hayana pa kuzama, yote yanatoka getini kwenda kwa jirani wa bondeni, na mafuriko ya Desemba 2011 watu hawajayasahau.

Wanasema wanataka faragha. Sawa, hata mi sitaki kila anayepita aone nani kakaa nje na anakula nini, lakini kwa hilo si lazima tofali zipande mpaka juu. Ukuta uishie kifuani, juu weka wavu wa kawaida, ndani panda bogenvilia uilaze pale juu. Ina miiba, mwizi haipendi, haitaki maji mengi, tena ikikaa na kiu kidogo ndo inachanua zaidi, na upepo unapita. Michongoma pia ni fensi nzuri ila inataka kukatwa kila mara la sivyo inavamia njia. Minyaa kwenye nyumba yenye watoto hapana, ule utomvu mweupe ukiingia jichoni ni hatari, na oleanda vilevile, maua mazuri lakini mti wote ni sumu.

Kivuli sasa. Angalia jua la saa tisa, saa kumi linapiga wapi, upande wa magharibi ndo unaoumiza, mti ukae hapo. Mwarobaini unavumilia sana kiangazi, mkungu unatanua matawi vizuri, ila yote miwili iweke mbali na msingi na shimo la choo, mizizi itakuja kukuharibia. Eneo likiwa dogo mkomamanga au mlimau unatosha. Karibu na mlango, tafadhali, asumini na mrehani, bibi zetu wa Pwani walijua, mgeni harufu inampokea kabla hajapiga hodi.

Na baraza! Nyumba ya Kiswahili ilipangwa kwa akili sana, mambo ya ndani yote uani huko nyuma, mbele ni pa watu, salamu, kahawa, mgeni asiye wa kuingia ndani anakaa pale mnaongea. Sisi tumeziba mbele na uani hatuna, matokeo yake mtu anaugua wiki nzima mtaa hauna habari. Kwa hiyo unayejenga sasa mwambie fundi pevingi ziishie pale gari inapopita tu, kwingine abakize udongo, na chini ya mti akujengee kibaraza cha simenti cha watu wanne hivi. Miche ipande masika inapoanza, Machi hivi, mvua ikusaidie kumwagilia mpaka ishike.