Moto wa Ilmorog haukuwaka usiku mmoja

Wanaoilalamikia Petals of Blood (1977) ya Ngũgĩ wa Thiong'o kama riwaya ya mauaji wana hoja. Mwanzoni tu polisi wanawafuata wakazi wanne wa Ilmorog, Munira, Karega, Abdulla na Wanja: matajiri watatu, Chui, Mzigo na Kimeria, wameteketea kwa moto. Kisha tunarudishwa miaka 12 nyuma, Munira anaingia kijijini kwa baiskeli kuja kufundisha, na maiti zinasahaulika. Msomaji aliyezoea kasi ya Willy Gamba, yule mpelelezi wa riwaya za Elvis Musiba, ana haki ya kuuliza upelelezi umeishia wapi. Na Karega, kuelekea mwisho, anahutubia kuliko anavyoongea. Hapo hata mimi huruka mistari.

Lakini anayesema kisa kimepotelea njiani ameipita njia yenyewe bila kuitazama. Ukame unapobana, wanakijiji wanafunga safari ya mjini kwenda kumwona mbunge wao, punda wa Abdulla akivuta mkokoteni. Mtoto Joseph anaugua, wanabisha kwenye nyumba za wenye nacho, na moja wapo ni ya Kimeria. Wanja anamjua: ndiye aliyempa mimba akiwa msichana wa shule. Sasa anamtaka tena, ndipo wenzake waruhusiwe kuondoka. Baadaye tunajua pia kwamba Kimeria ndiye aliyemsaliti Nding'uri, kaka yake Karega na rafiki yake Abdulla, akanyongwa na wakoloni. Mtu mmoja, visasi vitatu, na hakuna hata kimoja ambacho kingeelezeka kwa kurasa mbili za maelezo ya polisi. Huo ndio upelelezi, ila anayeufanya ni msomaji.

Inspekta Godfrey, kwa upande wake, si mjinga. Anapata jibu, tena sahihi: Munira ndiye aliyechoma nyumba. Jalada linafungwa. Ila moto haujawaka bado Wanja alikuwa ameshampiga Kimeria kwa panga, na Abdulla naye usiku huohuo alikuwa amekusudia kumuua. Mashamba yaliyokwenda na mikopo ya benki baada ya barabara kuu kufika, hayo hayamo jaladani kabisa.

Mhariri mwenye haraka angeikata ile safari ya ukame kwanza. Akifanya hivyo, Munira anabaki mlokole aliyerukwa na akili akiwa na kiberiti, na pigo la panga la Wanja linakuwa hasira za usiku mmoja tu.